MAGAMBA SI ULOZI

Katika miji na vijiji vya mashariki ya Kongo kuna neno moja limezoeleka sana: «Ile ni kitu ya nyoka.» Muntu akishasema hivyo, mashauri yamekwisha. Kofia ya muzee yenye magamba ni kitu ya nyoka, basi ichomwe. Mtoto mwenye ngozi kavu yenye kupasuka-pasuka ni mtoto wa nyoka, basi afukuzwe. Tajiri aliyejenga nyumba ya matofali iko na nyoka ndani ya chumba anayemtapikia franga, basi aogopwe. Na nyoka mwenyewe, hata yule asiye na sumu, hata yule anayekula panya wa ghala zetu, apigwe mpaka kichwa kisijulikane tena.

Tunaandika kurasa hizi kupinga neno hilo. Hatutetei ulozi, wala hatusemi kila kitu cha wazee kilikuwa kizuri. Tunasema tu kwamba watu wa leo, na zaidi sisi tuliosoma, tumeacha kuujua mwili wa nyoka kama wanasayansi wanavyoujua, na tumeacha pia kuujua kama babu zetu walivyoujua. Tumebaki katikati, mikono mitupu, na woga umejaza nafasi ya elimu zote mbili. Woga huo unachoma mali ya ukoo, unamaliza wanyama wa pori, na unawatesa watoto wasio na kosa. Ndiyo maana hatuwezi kunyamaza.

I. GAMBA NI KITU GANI

Tuanze na kitu chenyewe, juu mtu hawezi kuhukumu asichokijua.

Gamba la samaki unaweza kulitoa moja moja kwa kisu, kama mama zetu wanavyofanya sokoni. Gamba la nyoka halitoki vile. Ni ngozi yenyewe iliyokunjwa na kuwa ngumu. Kinachoifanya iwe ngumu kinaitwa keratini, na ni jamaa ya kitu kile kile kinachofanya kucha za vidole vyetu, nywele zetu na kwato za mbuzi. Anayesema kwamba ndani ya gamba mnakaa shetani, aanze kwanza kuziangalia kucha zake mwenyewe.

Watu wanasema nyoka ni mtelezi, ana ute. Si kweli. Ngozi yake ni kavu. Magamba hayo yanazuia maji ya mwili yasipotee katika jua, na yale mapana ya tumboni yanashika udongo ili aweze kusogea. Hana kope za macho. Jicho lake limefunikwa na gamba moja lenye kuonyesha kama kioo. Ndiyo sababu anakukazia macho bila kupepesa, na si kwamba anakutupia uchawi.

Ngozi hiyo ya juu haikui pamoja na mwili, kwa hiyo nyoka huivua. Siku chache kabla ya kuvua, macho yake yanakuwa na ukungu, yanaelekea rangi ya buluu, na hapo haoni vizuri. Kisha anasugua midomo kwenye jiwe au mti, ngozi inaanza kufunguka kinywani, naye anatoka akiiacha imegeuka ndani nje kama soksi. Ukiiokota, utaona hata magamba ya macho yapo. Mjusi anavua vipande vipande. Mamba havui namna hiyo. Chini ya magamba ya mgongo wake kuna vibao vya mfupa. Na gamba la kobe ni mfupa ulioungana na mbavu zake, juu yake kukiwa na tabaka la keratini. Kwa hiyo ile hadithi ya kobe kutoka nje ya nyumba yake ni nzuri kwa watoto, lakini kobe hawezi kutoka, kama vile wewe usivyoweza kutoka katika mbavu zako.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Hesabu ya magamba ya nyoka haibadiliki toka anazaliwa mpaka anakufa. Chatu, ambaye wengi tunamuita «boa» kwa kufuata Wafransa, anaweza kupita urefu wa mita nne, na hesabu ya magamba yake ni ile ile aliyotoka nayo katika yai. Kinachokua ni gamba. Kwa hiyo wataalamu wanahesabu mistari ya magamba ili kutofautisha nyoka na nyoka. Yule koboko mweusi wanayemuita kwa jina la sayansi Dendroaspis polylepis, neno hilo la mwisho maana yake ni «mwenye magamba mengi».

Na yule nyoka mnene wa msitu wetu, mwenye kichwa kipana na rangi za majani makavu, anayeitwa kwa Kifaransa vipère du Gabon? Magamba yake yanamficha hata ukisimama karibu naye. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa ndugu yake wa Afrika ya magharibi. Waliona kwamba juu ya magamba yake meusi kuna vijani vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyomeza mwanga, ndipo weusi wake unakuwa mzito kuliko weusi wa kawaida. Watu wa mbali wanakaa chini na kujifunza kutoka kwa gamba moja. Sisi tuliozaliwa pamoja na nyoka hao tunasema: ulozi.

II. WAZEE WALIYASOMA MAGAMBA

Wako wasomi wanaofikiri kwamba babu zetu waliogopa tu. Hapana. Waliogopa sumu, na walikuwa na haki. Lakini walitazama pia, na kutoka kwa kutazama walitoa mafundisho.

Tuchukue mfano wa Warega, wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Kwao kuna Bwami, ambayo si ufalme wa mtu mmoja bali ni chama cha mafundisho, chenye ngazi kutoka Kongabulumbu mpaka Kindi, na wanawake pia wana ngazi zao. Katika mafundisho hayo hakuna kitabu. Kuna methali, nyimbo, michezo, na vitu: sanamu ndogo za pembe ya tembo, midomo ya ndege, magamba ya kobe, magamba ya kakakuona. Mwalimu anainua kitu, anaimba neno lake, na mwanafunzi anajifunza namna mtu mwema anavyoishi, na namna mpumbavu anavyoharibikiwa. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyekaa kwao katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake juu ya Warega mwaka 1973, alionyesha wazi kwamba vitu hivyo ni vyombo vya kufundishia tabia njema.

Huyo kakakuona, Warega wanamuita ikaga yule mkubwa. Si nyoka, si mjusi, ijapokuwa amevaa magamba toka kichwa mpaka mkia. Ni mnyama anayenyonyesha mtoto wake. Wazee wanasimulia kwamba ni yeye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Tazama magamba yake: moja limelala juu ya mwisho wa lingine, maji yanateremka bila kuingia. Ndivyo paa la msituni linavyotengenezwa kwa yale majani mapana ambayo tunafungia pia chakula. Kwa sababu ya fundisho hilo, haikuruhusiwa kumuwinda kwa kupenda tu. Akipatikana amekufa, jambo lilipelekwa kwa wakubwa wa Bwami, na kulikuwa na kanuni za kusafisha na kugawa.

Walele wa Kasai nao walimuweka kakakuona mahali pa heshima. Walisema huyu ana magamba kama samaki, lakini anapanda miti, na tena anazaa mtoto mmoja mmoja kama binadamu. Haingii katika fungu lolote. Kwa hiyo walimkabidhi kwa chama cha watu maalumu, na nyama yake haikuliwa ovyo. Mwingereza Mary Douglas aliyaandika hayo, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia nzima wanasoma mawazo ya Walele juu ya magamba. Ni wangapi kati yetu wanajua hilo?

Kwa Waluba, upinde wa mvua una jina la Nkongolo, jina la yule mfalme mwekundu wa masimulizi ya mwanzo wa ufalme wao. Na upinde huo wanauona kuwa ni nyoka wawili waliokutana juu angani. Aliyeutazama mgongo wa chatu baada ya kuvua ngozi, jinsi unavyong'aa rangi mbalimbali katika jua, ataelewa mara moja kwamba waliosimulia hivyo walikuwa na macho. Na kwa jirani zetu wa Buganda, ile ngoma ndefu yenye uso mmoja, engalabi, inafungwa ngozi ya kenge. Hapo ngozi ya mnyama wa magamba si kitu cha usiku. Ni kitu cha karamu na arusi.

III. KWA WANAOCHOMA

Sasa tunasema na wale wanaochoma. Kila mwaka tunasikia: mahali fulani watu wameitwa walete «vitu vya giza», lundo limewekwa uwanjani, limewashwa moto, watu wamepiga makofi. Ndani ya lundo kuna dawa za kweli za walozi, labda. Lakini kuna pia kofia, mikufu, vikapu vya Bwami, ngoma, ngozi za zamani. Hakuna aliyeuliza: hiki kilikuwa cha kazi gani? Kilikuwa na gamba, ilitosha.

Tunajua jibu la wachungaji. Watasema: hata mfalme Hezekia aliivunja ile nyoka ya shaba ambayo Musa mwenyewe aliitengeneza jangwani. Ni kweli, iko katika kitabu cha pili cha Wafalme. Lakini tusome mpaka mwisho. Hezekia aliivunja juu ya nini? Kwa sababu watu walikuwa wanaifukizia ubani. Walikuwa wanaiabudu. Kabla ya hapo ilikaa miaka na miaka, na hakuna nabii aliyesema iko na shetani ndani kwa kuwa tu ina umbo la nyoka. Tena Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu. Basi kipimo cha Hezekia hakikuwa umbo, hakikuwa magamba. Kilikuwa kazi ambayo watu walikipa kitu kile. Tunawaomba wachungaji watumie kipimo hicho hicho. Kama mtu anaitolea kofia ya babu yake sadaka, mwambieni aache. Lakini kama kofia ile ilikuwa kama daftari la mwalimu, mnachoma daftari.

Na kuna jambo la kuuma zaidi. Mwaka 1948 serikali ya wakoloni Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku. Walisema inaharibu usalama. Wazee wakaficha vitu vyao, wengine wakanyang'anywa, vingine vikauzwa kwa bei ya chumvi. Leo vitu vya Warega vimepangwa vizuri katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, na katika Fowler Museum kule Los Angeles, Marekani. Wazungu wanaingia, wanasoma maelezo, wanarudi nyumbani wakisema: watu hawa walikuwa na hekima. Sisi, vile vichache vilivyobaki, vilivyookoka mbele ya mkoloni, tunavitia moto kwa mikono yetu, na bila mtu kutulazimisha. Kisha tunalalamika kwamba Wazungu wametuibia utamaduni. Je, tukirudishiwa kesho, tutaviweka wapi? Tutaviita tena vitu vya nyoka?

Tangu mwaka 2019 nchi yetu iko na jengo jipya la Makumbusho ya Taifa kule Kinshasa. Ni jambo jema. Lakini makumbusho hayajazwi na majengo. Yanajazwa na vitu, na vitu viko katika nyumba za wazee wetu, chini ya vitanda, vikingojea ama kuhifadhiwa ama kuchomwa.

IV. KWA WANAOUZA

Upande wa pili wako wale wanaosema: «Sisi hatuchomi, sisi tunaheshimu mila.» Lakini heshima yao iko na bei ya kilo. Wanatafuta magamba ya kakakuona, ngozi ya chatu, ngozi ya mamba, wanayasafirisha usiku. Ukiwauliza wanajibu: ni desturi ya babu zetu kutumia magamba.

Huo ni uongo, na tuuite kwa jina lake. Babu zetu walikuwa na miiko. Kofia moja ya magamba ilikaa vizazi na vizazi. Haikuhitaji kuua mnyama kila mwezi. Mahali gani katika mila ya Warega pameandikwa kwamba ikaga awekwe ndani ya gunia na kupelekwa ng'ambo? Mwezi wa nne mwaka 2019, kule Singapore, kwa muda wa siku chache tu, forodha walikamata makontena mawili yaliyotoka Nigeria: moja lilikuwa na tani 12,9 za magamba ya kakakuona, lingine tani 12,7. Makadirio yaliyotangazwa yalipita wanyama 30 000. Wote ni wa misitu ya Afrika. Na mnyama huyu, kwa kawaida, huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Hesabu wewe mwenyewe.

Na magamba hayo yanafanya nini huko yanakokwenda? Wanayasaga kuwa dawa. Lakini tulisema: ni keratini. Mgonjwa anayekunywa unga wa gamba la kakakuona angeweza kusaga kucha zake akapata faida ile ile. Hata China, mwaka 2020, iliyaondoa katika orodha ya dawa za asili za kitabu chake rasmi. Basi msitu wetu unamalizika kwa ajili ya dawa ambayo wenyeji wake wenyewe wameanza kuiacha.

Sheria zipo. Nchi yetu iliingia katika mapatano ya CITES mwaka 1976. Tangu 2017 biashara ya mataifa ya kakakuona wa kila aina waliotoka porini imefungwa. Chatu si marufuku kabisa, lakini ngozi yake haiwezi kuvuka mpaka bila karatasi za leta. Na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi viumbe na mazingira inawalinda wanyama hawa hapa ndani. Anayenunua hawezi kusema hakujua.

Tunajua pia kwamba muntu mwenye njaa hasikii mahubiri ya wanyama. Kijana wa Shabunda aliyekamata kakakuona haangalii CITES; anaangalia ada ya shule ya mdogo wake. Hatumtukani kijana huyo. Lakini tumwambie ukweli: katika safari ile yote, toka msituni mpaka bandarini, yeye ndiye anayepata kidogo kuliko wote, na ndiye anayefungwa wa kwanza. Siku ikaga atakapokwisha, mnunuzi atatafuta kitu kingine mahali pengine. Kijana atabaki na msitu mtupu na wimbo usio na maana, juu mtoto wake hatajua ikaga ni nini.

Na wale wanaouza kipande cha ngozi ya chatu ili ukiweke ndani ya pochi kivute franga? Kwao tuko na swali moja tu. Kama ngozi ya chatu inaleta mali, juu ya nini wawindaji wa chatu wanavaa viatu vilivyotoboka?

V. MTOTO SI NYOKA

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Kofia ikichomwa, tumepoteza kofia. Lakini woga huu wa magamba haukomi kwenye kofia.

Wako watoto wanaozaliwa, au wanaofikia mwaka mmoja, ngozi ikaanza kukauka na kugawanyika kama magamba, zaidi kwenye miguu, zaidi wakati wa kiangazi. Madaktari wanaita ugonjwa huo iktiozi, kutoka neno la Kiyunani la «samaki». Kwa wengi unatoka katika urithi wa damu ya wazazi. Ile aina ya kawaida zaidi, wataalamu walitambua mwaka 2006 chembe ya urithi inayoileta. Hauambukizi. Haukuletwa na mama aliyekanyaga nyoka, wala na baba aliyefanya mapatano ya usiku. Mtoto anahitaji kuogeshwa, kupakwa mafuta au vazelini wakati ngozi bado ina maji, na kuonwa na daktari. Ni hayo tu. Lakini badala ya vazelini tunampa nini? Jina la nyoka, njaa ya kufunga bila kula, na mara nyingine mlango wa nje.

Wako pia watu wazima wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Ngozi yao inawasha miaka mingi, kisha inakuwa nene, kavu, yenye makunyanzi. Hata madaktari wenyewe wanaiita «ngozi ya mjusi». Lakini wao wanajua inatoka wapi: ni onkoserkozi, ugonjwa ule unaopofusha macho, unaoletwa na minyoo midogo inayopandwa mwilini na inzi mdogo mweusi wa mtoni. Dawa yake, ivermektini, inayojulikana vijijini kwa jina la Mectizan, kiwanda cha Merck kiliahidi mwaka 1987 kuitoa bure, na inagawiwa katika vijiji vyetu. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi ya mjusi anahitaji mgawa dawa wa kijiji. Ukimpeleka kwa mfumu au kwenye maombi ya kufukuza nyoka, minyoo inaendelea na kazi yake, na siku moja atapofuka. Hapo watasema: mnaona, nyoka amemtoa macho!

Na tusisahau mtoto mwenye kwashiorkor, ambaye ngozi yake inabambuka kama rangi ya ukuta mzee. Huyo hana nyoka, hana maharage.

Katiba yetu ya mwaka 2006, sehemu ya 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka azabu. Basi anayesimama mbele ya watu na kumuita mtoto «nyoka» kwa sababu ya ngozi yake, huyo amevunja sheria ya nchi, awe amevaa koti au amevaa ngozi ya chui. Na amevunja pia mila, juu katika mafundisho ya Bwami tuliyoyataja, gamba lilimfundisha mtu kujenga paa ili watu wake wakae chini yake. Halikumfundisha kumtoa mtoto nje.

VI. TUFANYE NINI

Ndugu msomaji, wewe uliye na cheti, wewe mwalimu, muuguzi, katekista, mama wa chama: kazi hii ni yetu. Hatuwezi kuwangojea wengine.

Kwanza, tuwaulize wazee kabla hawajaondoka. Kila kitu chenye gamba, ngozi au pembe, tuulize: kinaitwaje, kilikuwa cha nani, kilifundisha neno gani, kiliimbiwa wimbo gani? Tuandike kwa lugha ya ukoo na kwa Kiswahili. Kitu bila neno lake ni mfupa tu, na hapo ndipo wachomaji wanapata nguvu.

Pili, anayetaka kuachana na kitu cha babu yake kwa ajili ya imani yake, asilazimishwe kukitunza. Lakini asikichome. Akilete kwa ukoo, kwa chama cha utamaduni, kwa parokia yenye nia njema, kwa makumbusho. Mtu anaweza kubadili njia yake bila kuwanyang'anya wengine historia yao.

Tatu, masomo ya viumbe yafundishwe na viumbe vya kwetu. Mwalimu asiishie kuchora ubaoni nyoka wa kitabu cha Ulaya. Ngozi iliyovuliwa na nyoka, iliyookotwa ikiwa tupu, ni somo la bure: watoto wahesabu magamba, watafute lile la jicho. Waambiwe juu ya yule nyoka mla mayai, asiye na sumu, anayesugua magamba yake ya ubavuni ili yatoe sauti ya kutisha, kwa kuwa hana silaha nyingine. Waambiwe juu ya yule nyoka mdogo mwembamba kama mnyoo wa udongo, anayeitwa nyoka wa vichwa viwili, ambaye chakula chake ni chungu na mchwa. Tuko na kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye watu waliosomea viumbe vya nchi hii. Shule ziwaulize.

Nne, heshima isigeuke upumbavu. Koboko ni koboko. Shirika la Afya la Dunia liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba kati ya watu 81 000 na 138 000 wanakufa kila mwaka duniani. Anayeumwa asikatwe wembe, asifungwe kamba ya kukaza, asipoteze saa kwa kutafuta aliyemtuma nyoka. Atulizwe, asitembezwe ovyo, apelekwe hospitali upesi. Nyoka hakutumwa na mtu. Amekanyagwa.

Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Sisi tunaongeza: na mwenye kushika mila bila kuijua naye yuko njiani kuelekea utumwa huo huo, juu mwingine ndiye atakayemwambia maana yake. Leo mmoja anatuambia gamba ni shetani, mwingine anatuambia gamba ni franga. Wote wawili wanafaidika na ujinga wetu. Siku tutakapoweza kumjibu mtoto anayeuliza, «Baba, gamba ni nini?», tukamjibu kwa jibu la sayansi na kwa jibu la ukoo, siku hiyo mchomaji atakosa kuni na mnunuzi atakosa gunia. Na mtoto wa jirani, mwenye ngozi kavu, atapakwa mafuta na kupelekwa shule pamoja na wenzake.